Ladha Haikuwahi Kushtakiwa

Kambi mbili zinagombania sahani yako. Ya kwanza inasema kula upendavyo, habari za lehemu zimetungwa ili dawa ziuzwe. Ya pili inasema ukishapimwa ukakutwa na lehemu nyingi, basi karamu imekwisha: mboga za kuchemsha, kuku bila ngozi, bila nazi, bila chumvi, bila furaha. Mmewasikia wote, redioni, msibani, na kwenye sauti zinazosambazwa kwa simu alfajiri kabla mtu hajanawa uso. Nimewasikiliza kwa makini kuliko walivyotarajia. Nitazitaja hoja zao kama wanavyozitaja wenyewe siku wanapozungumza vizuri, na hukumu nawaachia ninyi.

Tuanze na hoja ambayo kambi ya kwanza inaiona ni ngome yake. Sehemu kubwa ya lehemu iliyo mwilini, wanasema, hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini. Inayotoka kwenye chakula ni kidogo. Kwa hiyo chakula hakina hatia. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Kosa limejificha kwenye ile "kwa hiyo". Ini halitengenezi lehemu tu, ndilo pia linaloizoa kutoka kwenye damu, kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi yao juu ya jambo hilo hilo. Mafuta yanayoganda, ya siagi, samli, nyama nono na nazi, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, na lehemu ya LDL, ile inayojipenyeza kwenye kuta za mishipa, hubaki ikizunguka. Nyuzi laini za maharage na bamia hufanya kinyume chake: hunasa nyongo utumboni na kutoka nayo, ini likalazimika kuchota lehemu kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Kwa hiyo kusema ini ndilo kiwanda hakukitoi chakula kwenye kesi. Kunaeleza tu kilipitia mlango gani. Na mkumbuke kwamba msemaji huyo huyo, dakika kumi baadaye, huwaambia mafuta ya nazi yatarekebisha lehemu yenu. Kama chakula hakifanyi lolote, nazi itafanyaje?

Yai limeonewa na kambi zote mbili. Kambi ya pili inasema yai moja lina takriban miligramu 200 za lehemu, karibu zote kwenye kiini, kwa hiyo anayejali moyo wake aachane nalo. Kambi ya kwanza inajibu kwamba mwaka 2015 Wamarekani wenyewe waliondoa kikomo cha miligramu 300 kwa siku kwenye mwongozo wao wa lishe, kwa hiyo wamekiri kwamba lehemu haina madhara. Yote mawili yamesomwa nusu nusu. Hofu ya yai ina mizizi kwa sungura: mwaka 1913 Nikolai Anichkov, huko St. Petersburg, aliwalisha sungura lehemu na mishipa yao ikaharibika. Sungura ni mla majani. Mwili wake haujui la kufanya na lehemu. Binadamu wengi, wakila lehemu zaidi, miili yao hupunguza ile inayotengenezwa ndani. Ancel Keys, ambaye kambi ya kwanza humtaja kama baba wa uongo wote, ndiye aliyesema tangu miaka ya 1950 kwamba lehemu ya kwenye chakula haina uzito mkubwa kwa damu ya binadamu ikilinganishwa na aina ya mafuta anayokula. Nao mwongozo wa 2015 ulitaka mafuta yanayoganda yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula. Kilichoondolewa ni kikomo cha lehemu inayoliwa. Lehemu iliyo kwenye damu haikusafishwa na mtu. Kwa walio wengi, yai moja kwa siku si kesi. Mkiwa mbele ya sahani ya chipsi mayai, yai ndilo jambo dogo kuliko yote. Ulizeni chipsi zimekaangwa kwa mafuta gani, na ni mara ya ngapi mafuta hayo yanaingia jikoni.

Baada ya hapo wanaitwa mashahidi, na shahidi wanayempenda kuliko wote ni Mmaasai. Hoja yenyewe: Wamaasai wameishi kwa maziwa, nyama na damu, mafuta ya mnyama asubuhi na jioni, na moyo hauwasumbui; basi mafuta ya mnyama hayana neno, na lehemu haiui. Ushahidi upo, si porojo. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima wanaume 400 wa Kimaasai huko Tanganyika na kuchapisha matokeo mwaka 1964: hakuona dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo. Lakini someni aliandika nini kuhusu damu yao. Lehemu yao ilikuwa chini. Chini, pamoja na chakula kile chote. Hapo hoja inajikata mguu wake yenyewe, kwa sababu watu wenye lehemu ndogo wasioumwa moyo ndio hasa ambao madaktari wamekuwa wakituambia tungewakuta. Aliyetaka kuthibitisha kwamba lehemu nyingi haidhuru alipaswa kutuletea watu wenye lehemu nyingi. Kwa nini yao ilikuwa chini ni swali zuri, na limefanyiwa kazi: watafiti wengine walionyesha mwaka 1971 kwamba miili ya Wamaasai ilikuwa hodari wa kupunguza utengenezaji wa lehemu pale inapoingia kwa chakula.

Mann hakuishia hapo, ingawa wanaomnukuu huishia hapo. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Mafuta yalikuwa yamejipenyeza kwa wingi kwenye ukuta wa mshipa mkuu, na mishipa ya moyo ilikuwa imenenepa kwa ndani sawa na ya wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yao ilikuwa imepanuka kuliko kiasi cha uharibifu, na Mann alidhani upana huo ulitokana na ukakamavu wa miili iliyozoea mwendo. Huyu Mann hakuwa wakili wa upande wangu. Alikuwa mpinzani maarufu wa nadharia ya mafuta na moyo. Ni shahidi wao, na ameeleza kwamba mafuta yalifika kwenye mishipa. Anayetaka kinga ya Mmaasai basi aanze na miguu. Aliyeegesha gari mlangoni mwa baa, akaagiza kilo mbili za nyama choma na kuzifuata kwa bia, haruhusiwi kumtaja moran katika utetezi wake.

Nazi ina mawakili wengi zaidi, na kwa kuwa sijapata kuona mchana mwema usio na wali wa nazi, naieleza hoja yao kwa huruma. Wanasema mafuta ya nazi ni ya asili. Watu wa pwani wameyala karne kwa karne. Asidi zake ni fupi, ini huzichoma upesi badala ya kuziweka akiba. Na yanapandisha lehemu nzuri, HDL. Tuyapime. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni ya aina inayoganda. Mkazi yeyote wa Arusha ameyaona yakiwa meupe ndani ya chupa asubuhi ya Julai. Zile asidi fupi zinazochomwa upesi zimo, lakini ni chache. Karibu nusu ya mafuta hayo ni asidi ya lauriki, ambayo mwilini hufuata zaidi njia ya asidi ndefu. Tafiti zinazonukuliwa kuhusu kuchomwa upesi nyingi zilitumia mafuta maalumu yaliyochujwa maabara, si haya ya sokoni. Mwaka 2020 majaribio 16 yalikusanywa na kuchambuliwa pamoja: ikilinganishwa na mafuta ya mimea kama alizeti na zeituni, nazi ilipandisha LDL kwa takriban miligramu 10 kwa kila desilita ya damu. HDL nayo ilipanda, kwa 4. Hapo mawakili hushangilia, na hapo ndipo wanapopaswa kueleza jambo moja. Iliwahi kutengenezwa dawa, torcetrapib, iliyopandisha HDL kupita ndoto ya nazi yoyote. Jaribio lake lilisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu waliokuwa wakiimeza walikufa zaidi kuliko wasioimeza. Kupanda kwa HDL peke yake si ushahidi wa usalama.

Watasema: na wale wa visiwani? Ndiyo, Tokelau na Pukapuka, visiwa vya Pasifiki ambavyo Ian Prior na wenzake waliviandika mwaka 1981. Nazi ilikuwa chakula kikuu na maradhi ya moyo yalikuwa machache. Kinachorukwa ni ulinganisho wa visiwa vyenyewe. Watu wa Tokelau walipata asilimia 63 ya nguvu ya chakula chao kutoka kwenye nazi, wa Pukapuka asilimia 34, na lehemu ya Tokelau ilikuwa juu kwa miligramu 35 hadi 40. Nazi ilipozidi, lehemu ilizidi. Waliobaki na mioyo mizima walikuwa wavuvi waliokula samaki na nazi nzima pamoja na nyuzi zake, sukari ikiwa adimu. Wapwani wa zamani nao walikuna nazi, wakachuja tui, wakalitia kwenye samaki na muhogo kwa ajili ya nyumba nzima. Hakuna bibi aliyesimama jikoni akinywa mafuta ya nazi kwa kijiko kama dawa ya asubuhi.

Na hapa niseme jambo ambalo kambi zote mbili hazilisemi, kwa sababu hakuna hata moja inayopika. Kila mpishi wa pwani anajua tui lina madaraja. Kasimile, lile tui la kwanza, ndilo zito na ndilo lenye mafuta. Tui la pili ni jepesi. Mchuzi wa samaki uliotokoswa kwa tui la pili, ukatiwa vijiko viwili vitatu vya kasimile mwishoni kabla ya kuepua, unanukia nazi chumba kizima, kwa sababu harufu ndiyo tuliyokuwa tukiitafuta tangu mwanzo. Mafuta mengine yote yalikuwa abiria tu. Mbaazi vivyo hivyo. Hayo si masharti ya hospitali. Hivyo ndivyo walivyopika wenye nyumba yenye nazi moja na watoto saba.

Hoja inayofuata haisemwi, imechapishwa kwenye karatasi ya dumu la mafuta: "Haina lehemu." Mnunuzi anaambiwa kwamba kwa kuwa mafuta haya ni ya mimea na hayana lehemu, moyo wake uko salama. Sentensi ya kwanza ni kweli, na ndiyo hila yenyewe, maana hakuna mafuta ya mimea yenye lehemu ya kutajika. Hata mawese hayana. Hata mafuta ya nazi hayana, na tumeona yanavyofanya. Swali la maana ni aina ya mafuta, na mawese karibu nusu yake ni ya kuganda, wakati alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi. (Mawese mekundu ya Kigoma yana rangi inayogeuka vitamini A mwilini, na hiyo ni sifa halali, lakini yakishasafishwa kiwandani yakawa meupe, hata sifa hiyo huwa imeondoka.) Mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani ni mabaya zaidi, kwa kuwa yanapandisha LDL na papo hapo kushusha HDL, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yayaondoe kabisa sokoni. Nayo yanaweza kuandikwa "haina lehemu", bila kusema uongo hata mmoja.

Mnataka kujua aina ya mafuta ina uzito gani? Mfano haupo mbali, upo ndani ya Bahari hii ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia ya mgawo, ambayo sehemu kubwa yalikuwa mawese, ikaweka ya soya. Miaka mitano baadaye wastani wa lehemu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kwa takriban 0.8 mmol/l. Watafiti hawakudai kwamba mafuta peke yake ndiyo yaliyofanya yote, kwani kulikuwa na kampeni pana ya afya. Lakini tazameni kile ambacho hakikubadilika. Mauritius hawakuacha biriani. Hawakuacha mchuzi wa viungo wala vitafunio vya kukaanga vya barabarani. Mamia ya maelfu ya watu waliendelea kula vyakula vile vile, chini ya sufuria pakiwa na mafuta mengine. Ningependa kusikia kambi ya kwanza inalielezaje hili, na kambi ya pili pia, kwa kuwa linawaumbua wote wawili kwa pigo moja.

Kuhusu sukari nitakuwa mfupi. Wanasema adui wa kweli ni soda, mkate mweupe na sembe iliyokobolewa, si mafuta. Soda ina hatia, sibishi. Wanga uliokobolewa hupandisha trigliseridi na kushusha HDL, na anayeacha siagi ili ajaze mkate mweupe hajapata faida ya maana. Lakini mahakama yenye washtakiwa wawili haimwachii wa kwanza kwa sababu wa pili ana hatia. Kubadilisha samli kwa alizeti na sembe kwa dona kunaweza kufanyika kwenye mlo mmoja.

Kuna na hii: wengi wanaopata shtuko la moyo lehemu yao huwa "ya kawaida", kwa hiyo lehemu haihusiki. Neno "kawaida" hapo linabeba mzigo usio wake. Lililo la kawaida katika jamii ni lile walilo nalo wengi, na wengi wanaweza kuwa juu ya kiwango kinacholinda mishipa. Ushahidi bora ninaoujua ulichapishwa mwaka 2006 kutoka Marekani, na unawahusu watu weusi. Takriban asilimia 2.6 yao walizaliwa na mabadiliko kwenye jeni iitwayo PCSK9 yanayoifanya LDL iwe chini kwa asilimia 28 maisha yote. Hawakufunga kula wala hawakumeza kidonge. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88 kuliko kwa wenzao, ingawa wengi wao walikuwa na presha, wengine wakivuta sigara. Na wapo waliozaliwa kinyume chao, kama mtu mmoja katika kila 250 hadi 300, LDL yao juu tangu utotoni. Hao wanaweza kuwa wembamba kama fito. Kwa hiyo ile kauli ya "mimi sina mwili, lehemu nitaitoa wapi" haina pa kusimama. Lehemu haina dalili, hujulikana kwa kipimo cha damu.

Kisha yupo muuzaji anayesema kitunguu saumu na limau kwenye maji ya moto "vinayeyusha mafuta kwenye mishipa". Chuo Kikuu cha Stanford kiliwapa watu wazima 192 kitunguu saumu kibichi, au vidonge vyake, au kitu kisicho na dawa, kwa miezi sita. Mwaka 2007 kikatangaza kwamba LDL haikutikisika katika kundi lolote. Kitieni kwenye nyama na bamia, kinapendeza. Kwenye mishipa hakiyeyushi kitu. Halafu mwulizeni muuzaji huyo, ambaye wiki iliyopita alisema lehemu ni hadithi ya kutunga: hiyo unayoiyeyusha ni ipi?

Imebaki kambi ya pili, yenye nia njema na mapishi mabaya. Hoja yao ni kwamba lehemu hushuka kwa kujinyima, na kadiri chakula kinavyokosa ladha ndivyo kinavyofaa. Toronto, mwaka 2003, David Jenkins alilijaribu jambo linalofanana na hilo kwa watu 46. Waliopunguza tu mafuta yanayoganda, LDL yao ilishuka kwa asilimia 8 katika mwezi mmoja. Waliopunguza mafuta hayo kisha wakaongezewa vyakula vyenye nguvu ya kushusha lehemu, soya, shayiri, lozi, bamia na biringanya, walishuka kwa asilimia 28.6. Kundi la tatu lilipewa dawa na kushuka kwa asilimia 30.9. Tofauti ya 8 na 28 haikuletwa na kunyimwa. Ililetwa na kuongezewa. Haki inataka niseme pia kwamba chakula kile kiliandaliwa na watafiti, na baadaye watu walipojipikia wenyewe kwa miezi sita, ushukaji ulikuwa kama asilimia 13. Hata hiyo imeizidi ile ya kujinyima.

Bamia na biringanya, basi, si vyakula vya wagonjwa wa Toronto. Nusu ya magenge ya Kariakoo yanauza hivyo. Uchambuzi wa majaribio 26, wa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kiasi cha gramu 130 za jamii ya kunde zilizopikwa kila siku hushusha LDL kwa asilimia 5, na hapo ndipo kunde, choroko, mbaazi na njugu mawe zinapoingia. Kisamvu cha karanga, dagaa waliokaangwa kwa alizeti kidogo na pilipili, kachumbari yenye ndimu ya kutosha: nionyesheni hapo ladha imepungua wapi. Aliyewafundisha watu wetu kwamba chakula cha moyo ni chukuchuku amewafanya waache masharti ndani ya wiki mbili na kurudi kwenye supu ya makongoro kwa hasira. Wafini walilielewa hili mapema. Karelia Kaskazini, ambako wanaume walikuwa wakifa kwa moyo kwa kiwango cha kutisha, mradi ulioongozwa na Pekka Puska tangu 1972 uliwaingiza akina mama jikoni, wakapika na kuonja pamoja mapishi yenye mafuta mengine, badala ya kuwahutubia waume zao. Kwa miaka zaidi ya thelathini vifo vya moyo vya wanaume wa umri wa kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Mwisho kuna dai linaloziunganisha kambi hizi mbili bila zenyewe kujua: chakula kinatosha, dawa ni biashara tu, itupe. Chukueni hesabu. Mwenye LDL ya 4.0 mmol/l akishusha asilimia 13 kwa kupika vizuri anafika karibu 3.5, na kwa wengi hilo ni jambo kubwa. Aliyeirithi na ana 7.0 anafika 6.1, bado yuko kwenye hatari, hata akila bamia mpaka zimtoke masikioni. Kwa waliokwisha kuumwa moyo, jaribio la Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa 4,444, lilionyesha kwamba waliomeza simvastatin walikufa pungufu kwa asilimia 30 kuliko wenzao. Dawa hiyo hataza yake ilikwisha zamani, na sasa inatengenezwa na viwanda vingi kwa bei ya chini. Unga wa mitishamba wa kusafisha mishipa, ambao muuzaji wake ndiye anayepiga kelele za biashara, haujawekwa kwenye jaribio la namna hiyo. Kama unashusha lehemu, kipimo kipo kila hospitali ya wilaya yenye maabara nzuri: alete majibu ya damu ya wateja wake, ya kabla na ya baada.